Goti la Kushoto la Orlandis Gadson

Kocha Dale Stroud wa chuo cha Calloway State alikula samaki wa Earnestine Gadson, mama yake Orlandis, mara tatu. Mara ya tatu aliomba aongezwe na mkate wa mahindi, akajifuta vidole, akamwambia mwenye nyumba, "Mama, huyu nitamlea kama wangu. Nafasi yake Calloway State ipo, wala msiwe na wasiwasi."

Orlandis alikuwa na miaka kumi na saba. Pale Harlow, Alabama, katika mpira wa Kimarekani, ule wa kubebwa mkononi, hajapata kuonekana kijana wa kuukumbatia mpira na kuchanja mbuga nao kama yeye. Vyuo sita vingine vilimtaka, naye akavikataa vyote kwa sababu ya ahadi ile. Mwezi wa Novemba akaumia goti la kushoto. Daktari alisema kano limevutika, apumzike wiki tano. Wiki ya sita alikuwa anakimbia.

Februari, siku ya wachezaji kutia saini na vyuo, shule nzima ilijazana kwenye ukumbi wa michezo. Mama yake alivaa gauni la kanisani, na mezani iliwekwa kofia ya Calloway. Karatasi za Calloway za kutia saini hazikuja. Orlandis alipiga simu mara nne. Ya nne ilipokewa na msaidizi aliyeongea kama anayesoma tangazo: Kocha amempa mtu mwingine ile nafasi. Bendi ya shule iliendelea kupiga kwa kuwa hakuna aliyewaambia wanyamaze.

Hilo angelimeza. Lililomshinda ni lililofuata. Alipovirudia vile vyuo sita, kila kimoja kilikuwa na jibu lilelile: "Kijana, tumesikia goti lako limekufa." Kocha wa chuo cha sita, mtu muungwana, ndiye aliyemtobolea siri. Stroud mwenyewe alikuwa amewapigia simu mmoja mmoja kuwaambia hivyo. Hakutaka kuja kukutana uwanjani na kijana ambaye yeye mwenyewe amemtupa.

Akaishia Saint Elmo, chuo kidogo chenye uwanja wa majukwaa upande mmoja tu, akaomba kujaribiwa. Kocha wa wakimbiaji, wale wanaobeba mpira, alikuwa Lucius Purifoy, mzee mwembamba aliyewahi kuwa tarishi wa posta, na hakuwa mtu wa maneno mengi. Alimtazama wiki nzima ndipo akamwita.

"Una hasira wewe."

"Ndiyo, Kocha."

"Vizuri. Ila unakimbia kama unataka kumgonga kila mtu. Aliyekukosea si mmoja?"

"Mmoja."

"Basi hawa wengine wakwepe tu."

Mwaka wa kwanza alipewa mpira mara kumi na tisa msimu mzima. Muda mwingine wote aliwekwa kuwazuia walinzi ili wenzake wapite, akala vumbi, akatema damu, akajifunza. Alijifunza kusubiri nyuma ya wale vibonge watano wa mstari wa mbele, kuhesabu moja, mbili, mpaka mlango ufunguke kati yao. Kibonge mkuu alikuwa Cortland Meeks, mwenye mwili kama friji na mdomo usiolala.

Mwaka wa pili ratiba ikabandikwa. Jumamosi ya tatu ya Septemba: Calloway State, ugenini. Vyuo vikubwa hupenda kuwaalika wadogo ili wawacharaze mbele ya mashabiki wao.

"Huko tunaenda kuchinjwa," Meeks alisema.

"Siyo sisi," Orlandis akamjibu. Kiangazi chote alikuwa amepanda na kushuka ngazi za majukwaa, na kila ngazi alikuwa akiikanyaga kwa jina la mtu.

Siku ilipofika, watu elfu sitini walikuwa wanapiga kelele. Mlinzi wa kati wa Calloway, Brody Kessler, alimsubiri kwa kicheko. "Oya, mguu wa kioo! Usije ukanivunjikia hapa, sina ufagio!"

Meeks ndiye aliyejibu. "Utatafuta, kaka. Utatufagilia njia."

Robo ya kwanza walimbana, akausogeza mpira yadi kumi na moja tu. Robo ya pili Kessler akaanza kuchoka kukamata hewa. Kufikia robo ya nne Orlandis alikuwa na yadi mia moja themanini, Saint Elmo wanaongoza ishirini na tatu kwa ishirini, na uwanja umepoa kama msibani. Kila alipoanguka karibu na benchi la Calloway, aliinuka polepole, akamtafuta Stroud kwa macho. Stroud alikuwa anatazama karatasi yake.

Zikabaki sekunde tisini. Stroud alikuwa ameshatumia nafasi zake zote za kusimamisha saa. Mpira ukaja kwa Orlandis. Alihesabu moja, mbili, Meeks akamzoa Kessler mzimamzima, na mbele hapakuwa na mtu.

Alikimbia kuelekea mstari wa mwisho, peke yake. Angefunga, jina lake lingeandikwa kila gazeti. Lakini akifunga, Calloway watapewa mpira, na Stroud atapata la kufanya. Akipiga goti kabla ya mstari, mpira ungebaki wa Saint Elmo na saa ingeendelea kukimbia. Hakutaka apate la kufanya. Yadi moja kabla ya mstari alisimama, akageukia benchi lao, akapiga goti la kushoto, taratibu, akatulia hapo akiwa ameubana mpira kifuani.

Uwanja haukuelewa. Stroud alielewa. Alitupa karatasi chini.

Saint Elmo wakaumaliza muda kwa kupiga goti na mpira kila zamu, na kocha mkubwa akasimama akitazama saa ya uwanja ikiisha.

Wakati wa kupeana mikono Stroud alimjia Orlandis akitabasamu. "Mwanangu, nilijua tangu mwanzo wewe ni mtu wa pekee."

"Mama yangu anakusalimia," Orlandis akasema. "Anasema siku ile alivaa gauni lake zuri." Mkono hakuutoa.

Mwandishi mmoja wa gazeti la Harlow alimfuata hadi mlangoni. "Sasa umemsamehe?"

"Hapana."

"Hata baada ya leo?"

"Leo ilikuwa tamu. Kusamehe sijaanza."

Jumamosi iliyofuata walicheza nyumbani na timu dhaifu, naye akapata yadi thelathini na nane tu, mpira ukamponyoka mara mbili. Purifoy akamkalisha benchi.

"Hawa wa leo hawakukukosea chochote, eh?"

"Hapana, Kocha."

"Na msimu una mechi nane bado. Tafuta kingine cha kukimbilia, au nitafute mtu mwingine."

Orlandis alikaa na helmeti mapajani, akimtazama mwenzake akikimbia katika nafasi yake, na kwa mara ya kwanza tangu Februari ile hakujua pa kuanzia.