Kwetu Hatujisemi

Wavinya, binti wa mzee Kitavi wa Mountain View, alikuwa ametafuta kazi ya kuhudumia wazee hata soli za viatu zikalala upande. Sasa alikuwa amekaa kwenye ofisi moja ya ghorofani kule Hurlingham, mikono mapajani, akimtazama Jaspreet, mwenye makao ya wazee ya Kitisuru, akisoma matokeo ya mtihani wake kwenye kompyuta.

Haukuwa mtihani wa hesabu. Ulikuwa wa kupima moyo wa mtu. Je, wewe ni mvumilivu kuliko wengi? Je, unaipenda kazi hata isipoonwa na yeyote? Kila swali lilikuwa na majibu matano, kuanzia "hapana kabisa" hadi "ndiyo sana". Wavinya alichagua la katikati, "kiasi", tangu swali la kwanza mpaka la mwisho.

Jaspreet hakuwa mkali. Alimsogezea kikombe cha chai yenye iliki, akamweleza kwamba zamani aliajiri kwa kutazama uso tu. Wahudumu walikuja na vicheko vyao, mwezi haujaisha wameondoka, na wazee waliokwisha kuwazoea wakabaki kuuliza wamekwenda wapi. Ndipo akaleta mtihani huu, unaokisia nani atadumu. Nao ulikuwa unasema Wavinya hana moyo na kazi hii.

Angeanzia wapi? Kwao mtu hajisifu. Ukipika muthokoi wageni wakaramba vidole, unajibu kwamba leo chumvi imepungua. Kusema mimi ni mvumilivu sana, tena kwa maandishi, ni kama kujivika taji mbele ya kanisa zima.

"Madam, kwetu hatujisemi," alisema mwishowe. "Muulize shangazi yangu, Kanyiva. Mama mkwe wake alipopooza mimi ndiye niliyemtunza, mpaka Mungu akamchukua."

Jaspreet akapiga simu pale pale, akaongeza sauti wote wasikie. Shangazi alikuwa kwenye kibanda chake cha mboga Kangemi, wateja wakibishania bei ya sukuma wiki. Akasomewa maswali yale yale. Wavinya ni mvumilivu? Anajaribu, shangazi akasema. Anapenda kazi? Kiasi. Ni msafi? Hapo shangazi akafikiri, akasema si mbaya.

Wavinya akafumba macho. Shangazi alikuwa anamzika mzima mzima, tena kwa adabu.

Jaspreet akaziba kicheko kwa kiganja. Kisha akaisukuma kompyuta kando.

"Mama Kanyiva, hili ni swali langu mwenyewe. Ukilala wewe, usiweze kujigeuza, ungetaka nani akuoshe?"

Kelele za wateja zikafifia, kama kwamba shangazi amejitenga nao.

"Huyo huyo," shangazi akasema, sauti imeshuka. "Nina mabinti wawili na nawapenda. Lakini ni huyo. Mama mkwe alikuwa hawezi kusema hata neno, na kila asubuhi huyu anamsimulia: leo kuna mawingu, leo jirani ameanika blanketi. Lakini usimwambie nimesema, atavimba kichwa."

"Sitamwambia," Jaspreet akajibu, akimtazama Wavinya akijipangusa macho kwa ncha ya leso.

Simu ilipokatika, Jaspreet akaifunga kompyuta.

"Njoo Kitisuru Jumatatu," Jaspreet akasema. "Tutajaribiana miezi mitatu. Kuna mzee wetu, Pritam, siku hizi haongei na mtu. Anza na yeye."