Rudy Alivua Kofia kwa Mkono Gani

Kila mwaka theluji ikianza kuyeyuka na vichochoro vya mji wetu wa Dubuque, Marekani, vikigeuka tope, watu wanane tunashuka chumba cha chini cha nyumba ya Merle Ostheimer kuchagua timu zetu. Ni ligi ya fantasi, ya besiboli. Kama umewahi kucheza ile ya mpira wa miguu, hii utaielewa: kwa zamu unachagua wachezaji wa kweli wa ligi kuu, ambaye mwenzako keshamchukua humpati tena, na wanachofanya uwanjani kinageuka pointi zako. Wewe mwenyewe hukimbii hata hatua. Ndiyo raha yake, hasa ukishakuwa na magoti kama yetu.

Tulianza enzi hizo Merle bado ana nywele na Connie Thielen wa saluni bado ana cha kumkata. Mimi nilikuwa nimetoka chuo kikuu kwa mapumziko mafupi. Mapumziko yanaendelea mpaka leo, ndiyo maana wananiita Profesa.

Chumba kile kina viti saba vya kawaida na kigoda kimoja cha kukamulia ng'ombe, cha marehemu baba yake Merle. Aliyeshika mkia msimu uliopita ndiye anakalia kigoda, magoti yamemfika kidevuni, na haruhusiwi kusimama mpaka uchaguzi uishe. Ukishika mkia misimu mitatu mfululizo, unatoka kwenye ligi. Sheria hiyo aliitunga Merle mwenyewe, tukiwa vijana na tumelewa kidogo, na wa kwanza kuondolewa nayo alikuwa shemeji yake, Kessel. Mpaka leo hao wawili wakikutana kanisani wananyanyuliana kidevu tu, basi, salamu imekwisha.

Sasa mwaka ninaousimulia, kwenye kigoda alikaa Merle. Kwa mara ya pili mfululizo.

Nilikuwa nimepita kwa wenzangu mmoja mmoja, nikasema tuifute hiyo sheria, ni utoto. Wote wakakubali. Merle akanusa njama.

"Nani kawaambia nataka kubebwa?" alituuliza kabla hata hatujavua makoti. "Mkinionea huruma natoka leo leo. Kessel sikumwonea."

"Kessel alikuwa anachagua wachezaji kwa kuangalia nani ana masharubu," Connie akamwambia.

"Sheria ni sheria, mama. Lete viazi."

Alisema hivyo, lakini mimi namjua. Kiwanda cha matrekta kilishamstaafisha, wanawe wamehamia mbali, na simu yake ikilia ni mmoja wetu anapiga kubishana kuhusu goti la mchezaji wa Seattle. Ukimtoa Merle kwenye ligi, umemwachia nini? Televisheni na theluji.

Na aliyemfikisha kwenye kigoda alikuwa mtu mmoja, Rudy Vandersee.

Rudy ni wa hapa hapa. Alipokuwa na miaka kumi na saba, mwembamba kama mpini wa reki, alikuwa anarusha mpira ambao hakuna mwenzake wa shule aliyethubutu kuudaka. Merle aliwahi kuwa mdakaji enzi zake, basi akajitolea. Majira ya baridi yote, kila Jumamosi, walikuwa ndani ya ghala la mahindi la kina Ostheimer, Rudy upande mmoja, Merle kachuchumaa upande wa pili, mimi mlangoni natangaza mechi.

"Mpigaji anayefuata," napiga kelele, "ni ng'ombe Matilda, mwenye wastani mzuri kuliko Merle!"

"Mfungie mlango huyo mpumbavu!" Merle ananijibu bila kugeuka.

Halafu Rudy anarusha. Sijasikia tena mlio kama ule. Mpira ukigonga glavu ya Merle, njiwa wote wa darini wanaruka kwa pamoja, vumbi la mahindi linatushukia vichwani kama unga. Moja ya mipira hiyo ilimvunja Merle kidole cha mkono wa kushoto, kikapona kikiwa kimepinda pembeni. Anakionyesha kwa wageni kama wengine wanavyoonyesha picha za wajukuu.

Rudy alikuwa na tabia moja. Akiurusha mpira uliomridhisha, anavua kofia kwa mkono wa kulia, ule ule wa kurushia, anajikuna utosini, anairudisha. Merle alimkataza mpaka akachoka. "Unawaambia wapigaji kuwa umefurahi! Kaa kama maiti!" Wapi. Akaenda nayo mpaka ligi kuu, na sisi tukiwa mbele ya televisheni, mkono ukipanda kwenye kofia tunagongeana chupa.

Kila mwaka Merle alimchagua Rudy, na kwa miaka mingi ilimlipa. Halafu siku moja, katikati ya mechi, Merle akaweka chupa chini. "Kavua kwa kushoto," akasema. "Bega limekwenda." Madaktari walitangaza wiki iliyofuata.

Sasa hapo mtu mwenye akili anamwacha. Merle alimbakiza. Rudy yuko kwenye kitanda cha upasuaji, Merle kamwekea nafasi. Rudy anajifunza kunyanyua mkono upya, Merle kamwekea nafasi. Misimu miwili timu yake ilicheza na shimo katikati. Huo ni ugonjwa wetu watu wa mchezo huu: unajua fika mtu wako kaumia, na unashindwa kufuta jina lake, kama vile ukilifuta utakuwa umemsukuma wewe.

Tukarudi kwenye uchaguzi. Ilikuwa mchana, soseji zinachemka kwenye bia jikoni, Merle kwenye kigoda. Connie alikuwa amemwapisha hadharani kwamba mwaka huu Rudy hamgusi.

"Sema tena," Connie akamwambia.

"Simchagui mtu kwa mapenzi."

"Vizuri. Ana miaka thelathini na tisa, Merle. Mimi nina mashine ya kukaushia nywele saluni, ina umri huo na nayo haipulizi."

Ndipo mimi nikafungua mdomo. "Rudy ni mzima," nikasema. "Nilimwona."

Kweli nilimwona. Februari nilikwenda Florida kwa dada yangu, na timu zikiwa kule kwa mazoezi ya kabla ya msimu, nikajipatia kiti nyuma kabisa ya mdakaji. Watu wote walikuwa wanatazama kibao cha kasi. Zamani Rudy alikuwa anafika maili tisini na tano kwa saa. Siku ile themanini na saba, themanini na nane. Magazeti yakaandika kuwa mzee anakuja kuaga. Mimi sikutazama kibao, nilitazama miguu ya wapigaji. Vijana wakubwa, mapaja kama magogo, wanapiga hewa kabla mpira haujafika. Magoti yanawalegea. Alikuwa amejifunza mpira wa polepole unaotoka kwenye mkono wa haraka, na alikuwa anawarushia karibu na mbavu bila woga, kitu ambacho mtu mwenye bega bovu hafanyi.

Niliwaeleza haya yote. Wakaangua kicheko kimoja kikubwa.

"Jamani, kaanza!" Connie akapiga meza. "Profesa kaanza! Unakumbuka ulivyonililia kuhusu yule mpigaji wa Arizona? Machozi kabisa! Nikamchagua wa kwanza. Kumbe alishaacha mpira, anafuga nyuki!"

"Ile ilikuwa utani. Hii kweli."

"Hata ile ulisema ni kweli."

"Naapa kwa shahada yangu."

"Shahada gani, wewe?"

Merle hakucheka. Alikuwa anakiangalia kile kidole chake kilichopinda. "Profesa," akasema taratibu, "usinifanyie mchezo na Rudy. Wengine nifanyie. Rudy hapana."

Hapo ndipo nilipojua nimejikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe. Miaka yote nimewadanganya kwa raha, na siku nina neno la kweli, la maana, halina mnunuzi. Kila raundi nikijaribu kulirudia, wanacheka zaidi. Nikaacha, nikala viazi.

Ikafika raundi ya mwisho. Rudy bado hajachaguliwa na mtu. Zamu yangu, na baada yangu Merle, kisha tumemaliza.

"Haya, bingwa wa Florida," Connie akasema, macho yanamng'aa. "Kama ni mzima kweli, mchukue wewe. Si una upungufu wa mrushaji?"

Upungufu ulikuwepo. Timu yangu ilikuwa na warushaji kama daraja lisilo na mbao. Wote wakanigeukia. Nikimchukua, nimethibitisha sikusema uongo, na Merle anabaki na makombo. Nisipomchukua, mimi ni mwongo yule yule. Nikimpa kwa mdomo, nikasema "mchukue Merle, nakuachia," atanyanyuka kwenye kigoda, atavaa koti lake, na hatutamwona tena.

Nikamchagua kijana mmoja wa Kansas City ambaye hata sijui jina lake linavyotamkwa.

Chumba kililipuka. Mmoja alitoa machozi. Connie akanitandika mgongoni kwa kopo la haradali. "Nilijua! Nilijua! Nyuki mwingine huyo!"

Mimi nikatazama sahani yangu. Kwa kawaida mtu akinikamata kwenye utani nainama kama mwigizaji, napokea makofi. Siku ile sikuinama.

"Merle," Connie akasema akijifuta macho, "zamu yako, kipenzi. Kuna yule kijana wa Texas, mkono mpya kabisa."

Merle alikuwa ananitazama mimi. Kutoka kule chini kwenye kigoda, kidevu juu ya magoti, ananitazama kama alivyokuwa anamtazama Rudy kupitia kinyago cha mdakaji.

"Profesa. Kule Florida. Alivua kofia?"

"Alivua."

"Kwa mkono gani?"

"Wa kulia," nikasema. "Mara tatu nzima. Ya mwisho akajikuna mpaka mwamuzi akamwambia aharakishe."

Hakuna aliyecheka. Connie akaweka kopo chini. Hata yeye alijua kuwa hilo silo jambo ambalo ningelitungia utani.

"Vandersee," Merle akasema.

"Merle, uliapa!"

"Niliapa simchagui kwa mapenzi. Hii ni taarifa ya daktari."

Kiangazi kile bwana! Jioni bado ina jua, Merle anaweka redio kwenye ngazi za mbele, tunakaa na mahindi ya kuchoma, siagi inatiririka viwikoni, na mtangazaji anasema mzee Vandersee amemtoa tena mtu. Redio haionyeshi mkono. Lakini mara nyingine, baada ya kelele za uwanja, mtangazaji alikuwa anacheka kidogo na kusema, "Huyo anajikuna tena," na Merle anaifinya glavu ya zamani aliyokuwa ameitoa stoo. Njiwa hawakuwepo, ghala lilishauzwa na kubomolewa. Mimi niliwasikia hivyo hivyo.

Rudy alidumu mpaka Septemba, mkono ukachoka, akatangaza kuwa inatosha. Merle alimaliza wa tano. Kijana wangu wa Kansas City alirudishwa ligi ndogo kabla ya Juni, na kilichofuata unaweza kukikisia.

Machi iliyofuata nikakaa kwenye kigoda kwa mara ya kwanza maishani. Kinauma kuliko kinavyoonekana. Merle alikuwa juu yangu kwenye kiti cha kawaida, miguu kainyoosha kama mfalme.

"Usisimame, Profesa."

"Sijasimama."

"Naona unajinyanyua."

"Napumua, mzee. Kigodani watu hupumua."

Tukafika raundi ya mwisho. Ilipokuja zamu yake, Merle akapitisha kidole chake kilichopinda kwenye orodha mara mbili, kwa sababu jina alilozoea kulitamka kila mwaka halikuwepo tena kwenye mchezo. Nadhani sote tulilisikia. Mwishowe akachagua kijana wa Texas, akainama kunichukulia sahani yangu, na akasema kwa sauti ya chini, ya mimi tu:

"Ungemchukua wewe, ungekuwa kwenye kiti leo."

"Ningemchukua mimi, wewe ungekuwa unakutana nami kanisani tu."

Akaninyanyulia kidevu, kama anavyomfanyia Kessel, halafu akaniongezea viazi.