Jiwe Lazima Lilowe

Mjane alikuwa ameshainua nyundo, nyapara akasimama mbele yake na kuuliza nani ameleta tena ndoo ya maji. Mjane alichota kopo moja, akalimwagia jiwe jeupe lililokuwa miguuni pake, ndipo akalipiga. Likapasuka bila kutimua vumbi.

Jiwe hilo likishasagwa hupelekwa kiwandani kutengenezea vioo, na nyuma ya kioo ndiko nyapara alikozoea kujifungia kutwa nzima, ofisini, akiwatazama wanawake waponda mawe uwanjani, waliogeuka weupe kwa vumbi hadi kope. Kwake shida haikuwa vumbi. Shida ilikuwa unga ulioloa, maana uling'ang'ania chekeche na kuchelewesha mzigo, na lori la mnunuzi lilikuwa limeshafika getini. Basi akatangaza kwamba kuanzia leo maji ni marufuku, na anayeona vigumu akapike kwake.

Wanawake waliinamisha vichwa. Wifi wa mjane, aliyeketi kando yake, alimvuta gauni na kumnong'oneza asibishane, kazi zenyewe ziko wapi siku hizi. Kisha akakohoa. Kilikuwa kikohozi kikavu, kifupi, kama mtu anayebisha hodi kwa woga. Mjane alikifahamu. Mumewe, kaka wa huyo huyo wifi, alianza hivyo hivyo, kwenye uwanja huu huu, na daktari akasema vumbi la jiwe likishaingia kifuani halitoki tena. Alikufa ameketi, kwa sababu akilala alishindwa kupumua.

Hasira ikampanda. Akainuka, akabeba ndoo na kuimwaga yote juu ya rundo la wifi yake.

"Mume wangu nimeshamzika," alisema. "Huyu simziki. Ukitaka unga mkavu, shika nyundo uponde mwenyewe."

Nyapara alimshika mkono hadi nje ya geti, utadhani angepotea njia. Wifi hakunyanyua hata uso, na hilo lilimuuma mjane kuliko kufukuzwa.

Nyumbani hakwenda. Alikaa chini kando ya ukuta, akiapa kwamba kesho atarudi, na kesho kutwa. Ndani nyundo zilikuwa zikigonga, vumbi likipanda juu ya ukuta. Alimsikia nyapara akifoka kila mtu abaki mahali pake. Akakisikia na kile kikohozi. Kilihama, kikavuka uwanja polepole, kikatulia upande lilipo bomba la maji. Kisha maji yakaanza kugonga kwenye kitako cha ndoo.