Hita ya Zenon

Umewahi kusimama na sinia la ugali mkononi, ukiwasikiliza wanaume wawili wakiujadili mgongo wako bila kuutaja?

Mimi nimesimama. Ilikuwa Juni, miaka ile ya ruksa, maduka ya Sumbawanga yalipoanza kujaa vitu vya kutoka Tunduma. Asubuhi hiyo pipa letu la maji moto lilikuwa limetoboka kitako, likauzima moto wake lenyewe, na majivu yakatiririka hadi mlangoni mwa jiko. Pipa hilo mume wangu Teodori alilijengea kwa mikono yake: matofali ya kuchoma pande tatu, mdomo wa kuni upande wa nne, na bomba lililopenya ukuta hadi bafuni. Alikuwa fundi wa misheni Kaengesa, na bomba lile alilisifu kuliko watoto wake. Ukifungulia, maji yanakuja yakinukia moshi kidogo. Kwa upepo wa huku kwetu, unaopita juu ya nyasi bila mti wa kuuzuia, yalikuwa neema.

Bila mti. Hapo ndipo penye neno. Kuni nilizifuata milimani, nikazirudisha kichwani.

Mwanangu Zenon, aliyekuwa akichuuza Tunduma, alishuka kwenye lori na hita ya umeme, tangi jeupe alilolifunga kwa blanketi kama mtoto mchanga.

"Baba, dunia imefunguka. Unabonyeza tu."

"Umeme wenu unakuja kama mgeni wa Pasaka," Teodori alimjibu. "Nitafutie pipa la lami, lile nene."

"Pipa linaoza, baba."

"Na hilo yai lako halipasuki?"

Wakacheka. Walibishana hadi maharage yakapoa. Mara mbili Zenon alisema, "Mama naye atapumzika," lakini macho yake yalikuwa kwa baba yake. Nikawanawisha, nikatoka.

Zenon alishinda. Matofali yalibomolewa, na kwa majuma machache bafu letu likanukia sabuni tupu. Kisha mashine ya umeme ya mji ikakosa dizeli. Ikawa inawaka tumeshalala, halafu haikuwaka kabisa. Hita ikabaki ukutani, Teodori akawa anaanika soksi juu yake.

Nikarudi kwenye mafiga. Sufuria hula kuni kuliko pipa, na maji yake hayaendi bafuni yenyewe. Kwetu maji ya kuoga ya mume ni heshima ya mke. Ukimpa baridi, habari zitamfikia mama yako kabla ya jioni. Tena miguu ya mzee ilikuwa imeanza kuvimba, akawa anataka maji asubuhi na jioni. Nilimpa. Kila Jumamosi Shigela, jirani yetu Msukuma, alipita na mkokoteni wa ng'ombe umejaa kuni za wenye hoteli. Nilisimama kando ya njia, mzigo kichwani, ng'ombe wapite.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Shigela."

Vumbi likitulia, naendelea. Baadaye Shigela alihamia Mtowisa na mifugo yake, na njia ikawa yangu peke yangu.

Nilikuwa nimeshapinda hivi unavyoniona, siku nilipoutua mzigo penye uzio nipumue, nikashindwa kuurudisha kichwani. Teodori akatoka na fimbo yake.

"Ngoja nikutwishe."

Akaweka fimbo chini, akashika kamba, akavuta. Mzigo haukutoka ardhini. Akazunguka upande wa pili, akauinamia, akavuta tena hadi mishipa ya shingo ikasimama. Mwisho akaukalia. Alinitazama shingo muda mrefu, kama fundi anayekagua ukuta ulioegemea.

"Mama Zenon," alisema. "Siku ile ya pipa na hita. Wewe ulitaka kipi?"

Niliitoa ngata kichwani, nikaikung'uta magome.

"Nilitaka mkokoteni wa Shigela utuletee kuni," nikamwambia. "Hayo mengine mngechagua nyinyi."