Chumba cha Binti wa Bi Eufemia

Nimeegemea mlango wa chumba cha mzazi, bakuli la uji wa pilipili manga mapajani, na naapa silali, napumzisha macho tu. Ndani, binti yangu Mwanaidi anawaka homa. Arobaini ya uzazi wake haijaisha, na kwetu mzazi havuki kizingiti kabla ya arobaini. Nimemkanda kwa maji ya moto, nimemfunga tumbo, nimeziba dirisha upepo usimwingie. Muuguzi wa mtaa kasema, mpelekeni hospitali leo hii, nami nikamjibu, mwanangu, mimi nilianza kuzaa wewe hujazaliwa. Mlango unalainika mgongoni mwangu, naanguka chali, na nikiinuka niko kwenye barabara isiyo na mwisho, na kila nyumba ina kioo badala ya ukuta.

Mtu asiye na uso ananisubiri, kavaa koti jeusi la kizamani. Njia hii inakwenda wapi? namuuliza. Anajibu, kwa yule anayejua nyumba zote isipokuwa yake. Hebu sema kama watu, namwambia, nimeacha mgonjwa. Ananipisha njia. Natembea, barabara inajikunja na kujirudia, na katika kila kioo namwona mwanamke yuleyule wa Kiingereza wa zama za Malkia Viktoria, jina lake limechorwa juu ya kila mlango: Bi Eufemia. Hapa ni msichana, mama yake anamkaza kamba za vazi la kubana kiuno mpaka anazimia. Pale ni mke, anawafundisha watumishi kuchemsha shuka. Mbele zaidi ni mwandishi, na wanawake wamejaa mpaka nje wakigombea kitabu chake cha afya na utunzaji wa nyumba. Anawasomea kwa sauti: kamba za kiuno tupeni, na mzazi alale chumba kilichofungwa mwezi mzima, asitolewe kwa lolote. Nampenda papo hapo. Mwenzangu kabisa huyu.

Kioo cha mwisho kinanisimamisha. Bi Eufemia kaegemea mlango, na nyuma yake mtu anaugulia. Shoga, nani huyo? namuuliza. Binti yangu, kajifungua juzi, daktari anataka kumtoa. Basi si umtoe! Nitamtoaje, anasema, nchi nzima inanisoma, nani ataniamini tena? Napandwa na hasira. Mwanamke una roho gani wewe, mwanao anakufa, fungua! Ananigeukia taratibu, naye hana uso. Na wako umemfungulia? Napiga kioo kwa ngumi, hakivunjiki, barabara inazunguka chini ya miguu yangu, na sauti ndani inadhoofika, inaita mama, mama, kwa Kiswahili.

Nafumbua macho. Uji umenimwagikia, umeshapoa. Nyuma ya mlango kimya kabisa, na sijui ni binti wa nani aliye humo. Naogopa. Nasukuma. Mwanaidi ananitazama kwa macho mekundu. Naulegeza mkanda wa tumbo, nampigia kelele jirani aje amchukue mtoto na aite bajaji. Mama, ananong'ona, na arobaini? Watu watasema nini? Waseme, namwambia, na namnyanyua, mzito, anatetemeka, tunavuka kizingiti jua likinichoma macho hata sijui niko upande upi. Kama hii bado ni ndoto, nikiamka nitamtoa tena.