Gauni la Kuinamia Simu

Shangazi alishona tangu enzi za cherehani ya mkono, na hakuna mwanamke mtaani aliyewahi kumrudishia gauni. Sasa lililotaka kumwaibisha lilikuwa gauni la harusi, tena la binti wa kaka yake, ambaye alimlea mwenyewe toka akinyonya kidole.

"Shangazi, mbona linajikunja mgongoni? Na mbele limepanda, utadhani nimeazima," bibi harusi alilalamika mbele ya kioo.

Shangazi akavuta hapa, akalegeza pale, wapi! Mara simu ikalia mezani. Msichana akaichukua, akainamisha shingo asome, na gauni likamkaa sawasawa, bila kunjo hata moja.

"Lo! Kumbe siku ile nilipima mtu anayesoma simu!" Shangazi akacheka hadi akashika ubavu. "Ungekubali kuolewa umeinama, kazi ingekuwa imekwisha."

Alicheka, lakini moyo ulimuuma. Wiki nzima binti huyu alishinda chumbani humu, na wiki nzima Shangazi alitafuta nafasi ya kumwambia kwamba daktari ameona uvimbe tumboni mwake yeye Shangazi na anataka kumpasua. Kila alipofungua kinywa, simu ilimtangulia. Msichana aliitikia, "Enhe, Shangazi, nakusikia," macho yakiwa kwingine, na habari ikarudi ilikotoka. Mficha maradhi kifo humfichua, hilo alilijua. Ila utaanzaje kuuambia utosi wa mtu maneno kama hayo?

"Tunapima upya," alisema. "Simu iweke kwenye droo. Simama wima, tazama mbele."

"Lakini mpambaji ananitumia picha za maua, Shangazi."

"Maua hayana miguu, hayatakukimbia."

Droo ikafungwa. Shangazi akabana pini midomoni, akapitisha futi begani. Simu ikalia humo ndani, ikalia tena. Mabega ya msichana yakashtuka, ila hakusogea. Kwa kukosa pengine pa kutazama, akamtazama shangazi yake, kwanza usoni, halafu shingoni, halafu mikononi.

"Shangazi," akasema polepole, "nguo yako inakuning'inia. Umekonda hivi tangu lini?"

Shangazi akatoa pini mdomoni, moja moja. Machozi yalimlengalenga, naye hakuyazuia.

"Vuta kiti ukae, mwanangu," akasema. "Gauni litasubiri."