Mikono Kidirishani

Kaka wa mkalimani alifika kwa dadake asubuhi na kibanda chake chote ndani ya gunia: nyundo, gundi, sindano ya kushonea viatu, na kile chuma chenye umbo la mguu. Viatu vya wateja vilibaki chini ya tingatinga.

"Nilikuwa nimewapa mgongo wabomoaji," kaka alimwambia kwa mikono, maana yeye alizaliwa hasikii. "Ardhi ikatikisika, nikadhani lori. Nageuka, ukuta huo unaanguka."

Dadake alikuwa akifunga vifungo vya blauzi nyeusi, ile ya kazini, inayofanya mikono ionekane vizuri. Alikuwa mkalimani wa lugha ya alama: yule mtu mdogo anayechezesha mikono kwenye kidirisha pembeni mwa runinga wakubwa wakiongea. "Unaishi kwenye dirisha la choo," kakake humtania.

Tangu utotoni dada ndiye masikio ya kakake. Akimfikishia neno, kakake huuliza, "Kweli?" Naye akijibu "Kweli," basi, kesi imekwisha, hakuna rufaa.

"Leo Mkaza-Tai anaongea," kakake alisema.

Mkaza-Tai ni waziri. Kakake ndiye aliyembandika jina hilo, kwa sababu jamaa kila akitaka kudanganya hukaza tai kwanza. Alama yake ni hiyohiyo: vidole viwili shingoni, unavuta. Mkalimani aliitumia hewani miaka yote. Wasiosikia walivunjika mbavu. Wanaosikia walidhani ndiyo heshima ya serikali.

"Kuhusu vibanda?"

"Sasa kuhusu nini, harusi yangu? Waambie ukweli."

"Mimi nasema anachosema, kaka. Siongezi, sipunguzi."

"Haya. Tutaona."

Ukumbini, mbele ya waandishi wa habari, waziri alikaza tai.

"Hakuna kibanda hata kimoja kilichovunjwa," alisema. "Wafanyabiashara wameondoka wenyewe, kwa hiari, tena kwa furaha."

Mikono ya mkalimani ilisimama. Angeweza kusema chochote. Angesema tingatinga, angesema huyu ni mwongo, na ukumbi mzima, kuanzia waziri hadi mpiga picha, ungeitikia kwa kichwa, kwa adabu. Lakini wasiosikia wangejuaje kwamba waziri alithubutu kusema vile? Uwongo nao una haki ya kutafsiriwa. Alisubiri uchungu umpande. Haukupanda. Alijihisi kama mtu aliyelalia mkono usiku kucha: anauona ni wake, lakini haumtambui.

Mikono ikaendelea yenyewe. Kibanda. Kuvunjwa. Hakuna. Kwa hiari. Ilipofika kwenye furaha, uso ukatabasamu, maana katika lugha ile uso nao ni neno.

Baadaye msaidizi wa waziri alimletea chupa ya maji.

"Dada, wewe unaaminika bwana! Mheshimiwa anasema una mikono ya ukweli."

"Asante."

"Na ile ya tai anaipenda kufa. Anasema wewe peke yako ndiye unayemheshimu."

"Asante," alisema tena. Ndilo neno lililokuwa karibu.

Nyumbani alimkuta kakake amekalia gunia lake mbele ya runinga.

"Kweli alisema vile?"

"Kweli."

"Kwa hiari?"

"Ndivyo alivyosema."

"Kwa furaha?"

Dadake akaweka mkoba mezani.

"Yeye sijamsikia hata siku moja," kakake alisema, mikono polepole. "Hao wakubwa wote sijawahi kuwasikia. Ahadi zao zote nimezisikia kwako, mdogo wangu. Leo umeniambia sikuvunjiwa, tena ukacheka."

"Mjumbe hauawi, kaka. Mimi..."

Kakake akafumba macho.

Anayesikia akikuchoka atatoka nje, au ataongeza sauti ya redio. Asiyesikia hufumba macho tu, na mlango umeshafungwa. Mikono ya mkalimani ilibaki hewani na nusu ya sentensi. Akaishusha. Akamgusa bega, hakufumbua. Akachemsha chai, akamwekea kikombe karibu, akakaa.

Taarifa ya habari ya jioni ikairudia hotuba. Akaizima sauti, akatazama kama kakake anavyotazama. Pale kidirishani mwanamke wa blauzi nyeusi alivuta tai isiyokuwepo, akasema hakuna kibanda kilichovunjwa, akatabasamu. Mikono ilikuwa safi, haikutetemeka hata kidogo.

Kama asingemjua, angemwamini.